Mteja anataka ofisi ya kijani, bosi anataka majani ya plastiki: nianzie wapi?

Ndugu washauri,

Habari za kazi. Mimi ni mbunifu wa ndani, nina shahada, na nimeajiriwa Dar es Salaam katika kampuni inayotengeneza ofisi na maduka. Kazi yetu ni ileile kila mwaka: mpangaji mpya anaingia, tunavunja alichoacha wa zamani, tunasimamisha patisheni za jipsamu, tunashusha silingi, tunafunga kabati za MDF (bodi za nyuzi za mbao zilizoshindiliwa). Mkataba wa pango ukiisha anakuja mwingine, tunaanza upya. Malori yanaondoka na vifusi kwenda Pugu Kinyamwezi, na ndani ya vifusi hivyo naona milango mizima, vioo na hata viti. Moyo unaniuma. Nataka nijulikane kwa ubunifu endelevu, na iwe ndiyo kazi yangu ya maisha.

Sasa tumepata ofisi ya mita za mraba 400 Upanga. Mteja ni taasisi ya fedha, na barua yake inasema anataka "ofisi ya kijani". Bosi ameandika neno hilo kwenye zabuni mara nyingi, lakini mpango wake ni ukuta wa majani ya plastiki, mbao za plastiki zenye sura ya mianzi, na silingi mpya ya jipsamu ofisi nzima. Mimi ndiye nimekabidhiwa kazi. Ubomoaji haujaanza, na BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei) bado inaweza kubadilishwa.

Nina akiba ya shilingi milioni 3. Kuna kozi ya mtandaoni ya nje inayotoa cheti cha ubunifu endelevu, na ada yake itaimaliza yote. Je, niilipie? Kwa kazi hii ya Upanga nifanye nini ambacho kweli kina maana? Niongee vipi na bosi, na siku nikifanya kazi zangu mwenyewe nitoze vipi? Tena ndugu wa rafiki yangu ana nyumba Mji Mkongwe, Zanzibar, anayotaka kupangisha wageni. Anaomba "vitu vya asili": chokaa, boriti, makuti. Nimwambieje?

Mbunifu, Mbezi Beach

Dada yetu,

Usilipe ada ya kozi mwezi huu. Umeshika kitu chenye uzito kuliko cheti chochote: mradi wa mita za mraba 400 ambao BOQ yake haijafungwa. Ukiutoa ukiwa na namba zilizopimwa, za vifusi vilivyopungua, umeme ulioshuka na vitu vilivyobaki kazini, namba hizo ndizo zitakazokuombea kazi inayofuata. Wenye vyeti ni wengi. Wenye namba za mradi wao wenyewe ni wachache, hapa na kwingineko.

Anza kabla nyundo haijagusa ukuta. Ingia ofisi ile na fundi mmoja na futi kamba, mwandike kila kilichopo: kitu, idadi, vipimo, hali yake, na kinakokwenda (kinabaki, kinahamishwa humo humo, kinauzwa, kinatupwa). Milango pamoja na fremu zake, vioo vya alumini, kapeti za vipande, masinki, taa, viti. Silingi za vipande vya sentimita 60 kwa 60 vinavyokalia fremu huvuliwa na kurudishwa bila shida, na vilivyochafuka hupakwa rangi nyembamba au kupelekwa stoo. Jipsamu iliyofungwa kwa skrubu na kuzibwa viungo haivuliki nzima, kwa hiyo hiyo ihesabu kama kifusi na usimdanganye mteja. Lakini fremu zake za bati zinafaa tena, na zisipofaa zinauzika kama chuma chakavu.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanatengeneza orodha nzuri, kisha BOQ inabaki na mstari mmoja, "kubomoa na kuondoa, kwa jumla". Fundi aliyepewa bei ya jumla ana kila sababu ya kutumia nyundo, maana ndiyo njia ya haraka. Gawa mstari huo mara mbili. Wa kwanza ni "kufungua kwa uangalifu, kusafisha na kuhifadhi", wenye bei kwa kila kipande, ulipwe kipande kikifika stoo kikiwa kizima. Wa pili ni kubomoa kilichobaki. Stoo iwe kavu, na vitu vikae juu ya paleti. Mlango wa plaiwudi ukiegemezwa kwenye sakafu ya zege msimu wa masika utavimba upande wa chini kabla hujaurudisha. Mwisho kabisa, hesabu malori yanayotoka na uandike ukubwa wa kila moja. Ukilinganisha na malori ambayo mkandarasi alikadiria kwenye bei ya kubomoa kila kitu, hiyo ndiyo namba yako ya kwanza.

Sasa silingi, kwa sababu uamuzi huu mmoja unaamua karibu kila kitu kingine. Pangaboi halifai kufungwa chini sana: mapanga yake yawe angalau mita 2.3 juu ya sakafu, na yaachane na dari kwa sentimita 20 hadi 30 ili hewa ipite. Ukishusha jipsamu hadi mita 2.4, nafasi imekwisha. Kuanzia siku hiyo ofisi itategemea kiyoyozi peke yake, kimewekwa nyuzi 21 au 22, miaka yote ya mkataba. Ukiacha dari wazi juu ya meza za kazi, ukaipaka rangi nyeupe na kufunga mapangaboi, upepo wa wastani unampa mtu nafuu ya karibu nyuzi 3, na kiyoyozi kinaweza kukaa 26 bila malalamiko. Pangaboi la kawaida linakula wati 50 hadi 75, na lenye mota ya kisasa ya BLDC linakula karibu nusu yake. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinakula karibu wati 1,000 kompresa inapofanya kazi.

Mambo mawili huharibika hapa. Taa ikiwa juu ya mapanga, mwanga unakatwakatwa na watu wanaumwa kichwa, hivyo panga taa kati ya mapangaboi, si juu yake. Na dari ya zege iliyo wazi inarudisha sauti. Kwa watu wanaopiga simu siku nzima, mwangwi ni mateso, nao ndio watakaodai jipsamu irudi. Ning'iniza paneli za kufyonza sauti zenye unene wa sentimita 5 hivi juu ya makundi ya meza, zifungwe kwa waya na kulabu ili zihamishike, na uziweke mbali na njia ya mapanga.

Kwenye taa usikimbilie paneli mpya. Kama makasha ya zamani ya mirija minne ya wati 18 ni mazima, yaache, badilisha mirija tu, weka ya LED ya wati 9. Fundi umeme atoe balasti (kifaa cha kuendeshea mirija ya zamani) na abandike lebo ndani ya kasha kwamba nyaya zimebadilishwa, ili siku nyingine mtu asirudishe mrija wa zamani. Kila kasha linashuka kutoka wati 72 hadi 36. Kwa makasha 60, saa 10 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, unaokoa uniti 475. Kwa bei ya takribani shilingi 350 kwa uniti (angalia risiti ya LUKU ya jengo uweke namba kamili) ni zaidi ya shilingi 166,000 kila mwezi. Mwanga wa jumla utapungua kidogo, kwa hiyo upime: laksi 300 (laksi ni kipimo cha mwanga) usawa wa meza zinatosha kwa kazi za kompyuta, na anayesoma karatasi zinazohitaji 500 mpe taa ndogo ya meza. Mirija iliyotolewa ina zebaki. Ifungwe kwenye maboksi yake, isivunjwe ndani ya vifusi.

Patisheni ziweke kwa moduli. Bodi zina upana wa sentimita 120. Ukipanga vyumba vyote kwa kipimo hicho au nusu yake, paneli ya chumba kimoja inaingia chumba kingine. Vyumba vya mikutano na ofisi ya mkurugenzi zinahitaji usiri, hizo zipande hadi kwenye zege. Nyingine zote zikomee chini ya fremu ya silingi au zisimame zenyewe, ili zihamishwe bila kukarabati dari. Tumia bolti na skrubu, acha gundi. Kitu kilichogandishwa kwa gundi ya kontakti hakina maisha ya pili. Hoja ya kumpa mteja hapa iko kwenye mkataba wake wa pango: mwombe asome kipengele cha kurudisha ofisi ilivyokuwa anapohama. Mara nyingi kipo, na gharama yake huwa imesahauliwa. Patisheni inayofunguka anaondoka nayo, ile ya jipsamu analipia kujenga na analipia tena kuvunja.

Kabati: MDF si haramu, ila Dar ina unyevu na maji ya kudekia. Kabati likikaa sakafuni litavimba. Linyanyue kwa miguu ya sentimita 10, na kingo zote nne za kila bodi zifungwe ukanda, pamoja na ile ya chini ambayo fundi huiacha kwa sababu haionekani. Kingo wazi pia ndizo zinazotoa zaidi harufu ya fomaldehaidi, kemikali ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, mwaka 2004. Muulize muuzaji bodi ni daraja gani la utoaji wa hewa hiyo, utafute E1 au bora zaidi, na daraja liwe limechapwa kwenye bodi au kwenye hati zake. Kwa rangi ya kuta mwombe msambazaji karatasi ya data ya bidhaa, na utafute vitu viwili: kiwango cha VOC, yaani kemikali zinazovukiza hewani (Umoja wa Ulaya unaruhusu gramu 30 kwa lita kwa rangi ya maji isiyong'aa ya kuta za ndani) na risasi isiyozidi sehemu 90 kwa milioni. Akikosa karatasi, usinunue, hata kopo likiwa na picha ya jani.

Mbao zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu hapa ndipo jina zuri linaweza kuficha uharibifu mkubwa. Mninga na mvule vinapendeza kila mteja, lakini vingi hutoka misitu ya asili. Fundi wa Keko atakupa mbao safi kabisa bila kuweza kukuonyesha ilikotoka. Dai hati ya kusafirishia ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na alama yake inayogongwa kwa nyundo kwenye mzigo, na nakala ikae kwenye faili la mradi. Kwa sehemu kubwa ya kazi tumia mtiki wa mashamba, kama wa Longuza, Mtibwa au bonde la Kilombero, au paina ya Sao Hill kwa fremu za ndani zisizoonekana. Mnazi uliozeeka na kuacha kuzaa ni mbao ambayo wabunifu wa pwani wanaidharau bila sababu. Chukua sehemu ya nje ya shina, upande wa chini, iliyo ngumu na nyeusi. Kiini chake ni laini, hakifai hata kwa rafu. Mwambie fundi atumie msumeno wenye meno ya kabaidi, maana mnazi una silika inayomaliza makali.

Tena pima unyevu. Mbao iliyokaa uani Dar huwa na asilimia 15 au zaidi, na ukiiingiza kwenye ofisi ya kiyoyozi inakauka, inapinda, inapasuka kwenye viungo. Kwa chumba cha kiyoyozi tafuta asilimia 8 hadi 12, kisha iache ndani ya chumba chenyewe angalau wiki mbili kabla ya kufungwa. Samani inayopasuka mwaka wa kwanza itatupwa mwaka wa pili, hata mti wake ukiwa umetoka shamba halali.

Kwa bosi wako, usimpelekee hotuba ya mazingira. Mpelekee ukurasa mmoja wenye sentensi tatu za kuweka mahali pa neno "kijani": asilimia ya milango, silingi na kapeti vinavyobaki kazini, uniti za umeme zinazookolewa kwa mwezi, na idadi ya patisheni zinazofunguka bila kuvunjwa. Chini yake weka bei ya ukuta wa majani ya plastiki na ya zile mbao za mianzi ya bandia, ambazo ni plastiki iliyochanganywa na unga wa mbao na hazitenganishiki tena. Mkumbushe pia, kwa heshima, kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kupotosha wateja, na taasisi ya fedha ina wanasheria. Akikubali nusu ya ukurasa huo umefanya kazi kubwa. Akikataa yote, jina lako lisiwe kwenye taarifa inayosema ofisi ni ya kijani, nawe uanze kutafuta pengine.

Nyumba ya Mji Mkongwe ni kazi nyingine kabisa, na wengi wanaiharibu kwa nia njema. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, zinazonyonya unyevu na kuutoa. Ukizipiga plasta ya saruji au rangi ya plastiki, unyevu unanaswa ndani, chumvi inasukuma, na plasta inadondoka mabamba mabamba. Chokaa ndiyo jibu, lakini kwa utaratibu: bandua saruji na rangi zote hadi kwenye ukuta wa zamani, maana chokaa haishiki juu ya rangi ya plastiki. Lowesha ukuta, piga plasta ya sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 za mchanga wa nchi kavu uliooshwa, ikinge jua na uiloweshe kwa siku kadhaa. Kisha paka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono mitatu au minne. Tabaka nene moja litachubuka na kuchafua nguo za wageni.

Boriti mpya za mikoko usiziandike kwenye kazi bila kibali cha mamlaka ya misitu. Mikoko inakinga fukwe na ni mazalia ya samaki. Tafuta boriti za nyumba zilizobomolewa, ukague mchwa kwa kugonga na kutoboa kwa bisibisi, au tumia mnazi. Makuti mwambie aache: mji wa vichochoro vyembamba na moto havipatani. Na kabla ya chochote, mji huo umo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, kwa hiyo kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kinatangulia fundi.

Kuhusu kutoza, kuna mtego. Wabunifu wengi hulipwa asilimia ya gharama ya kazi, na wengine huongezewa kamisheni na maduka ya vifaa. Kwa mfumo huo, kila mlango unaouokoa unakupunguzia mshahara, na kila kapeti mpya inakuongezea. Huwezi kuwa mbunifu endelevu ukiwa unalipwa hivyo. Toza kiasi maalumu kwa kila mita ya mraba, kilipwe kwa hatua, na uweke bei zake peke yake kwa kazi mbili ambazo watu hufanya bure: orodha ya kabla ya kubomoa, na ziara za mwezi wa 3 na wa 12 baada ya watu kuhamia. Kamisheni ya duka iandike kama punguzo kwenye ankara ya mteja, aione.

Ziara hizo zitakuonyesha kilichoshindikana: pangaboi linalozimwa kwa sababu linapeperusha karatasi, taa za meza ambazo hakuna anayeziwasha. Andika hayo nayo. Mteja makini anamwamini mtu anayeonyesha kisichofanya kazi.

Sasa akiba yako. Nunua kipima unyevu wa mbao, kipima mwanga, na kipimo cha umeme cha kuchomeka kwenye soketi. Vyote vitatu vya kawaida havitamaliza hata robo ya fedha hiyo. Programu ya EDGE ya IFC (tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi), ya kupimia majengo ya kijani, unaweza kuitumia bure mtandaoni; inataka jengo liokoe angalau asilimia 20 kwenye nishati, maji na kaboni inayotokana na utengenezaji wa vifaa. Ni ya majengo zaidi kuliko ofisi moja ya mpangaji, lakini itakufundisha hesabu. Waulize AQRB, bodi ya usajili wa wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, taratibu za kusajili wabunifu wa ndani, maana zabuni nyingi zenye hadhi zitauliza. Ukishamaliza Upanga, na kama unalenga benki, balozi na mashirika ya kimataifa, fanya mtihani wa LEED Green Associate, wa mfumo wa Kimarekani wa majengo ya kijani: maswali 100, saa 2, hauhitaji uzoefu, na unaweza kujisomea. Cheti hicho kinahitaji saa 15 za masomo kila miaka 2 ili kibaki hai, kwa hiyo kichukue wakati una wateja wanaokitambua. Ile kozi ya milioni 3, kabla ya kuifikiria tena, waandikie uwaulize kitu kimoja: ni mwajiri au bodi gani ya Afrika Mashariki inayotambua cheti chao.